Usajili wa muda kwa daktari mwalimu nchini Uganda: tathmini ya aliyeutumia

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mzaliwa wa Mombasa, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikifundisha na kutibu katika hospitali moja ya kufundishia iliyoko nje ya Kampala. Mtu akiniuliza ninafanya nini huku, humjibu kwamba asubuhi natibu na alasiri nafundisha, ingawa najua jibu hilo ni la kurahisisha mazungumzo tu, kwa sababu saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama kando ya kitanda huku wanafunzi wanane wamenizunguka na mgonjwa akitutazama sote kwa zamu, hakuna anayeweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo tiba imeishia na somo limeanza. Ninalitaja jambo hili mwanzoni kwa kuwa ndilo lililonigharimu wiki nyingi na fedha zisizo kidogo, na ndilo ambalo wenzangu wanaoniandikia kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wakiulizia habari za vibali hawaliulizi kamwe.

Huduma ninazozitathmini ni tatu. Ya kwanza ni usajili wa muda unaotolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Ya pili ni kibali cha kazi kinachotolewa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji. Ya tatu ni ya wakala mmoja wa mjini Kampala, ambaye sitamtaja jina, aliyejitwika kazi ya kunipatia hivyo viwili vya kwanza. Usajili naupa alama za juu, nikiwa na dukuduku moja kubwa kuhusu upana wake. Kibali cha kazi, kwa Mkenya aliyejiandaa, hakina mengi ya kuandikia. Wakala simshauri mtu amlipe hata nauli ya bodaboda.

Uganda haijaanza leo kuwapokea walimu wa udaktari kutoka nje. Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924, na kwa miongo kadhaa wodi za Mulago, hospitali yake ya kufundishia mjini Kampala, ziliongozwa na watu waliotoka mbali. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alikuwa akifanya kazi hapo alipoandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo kila mwanafunzi wa udaktari anaujua kwa jina lake. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilipoanzishwa mwaka 1989, madaktari wa Kuba walikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Tangu hapo vyuo vya udaktari vimeongezeka, kuanzia Gulu hadi Ishaka na Mbale, na kila chuo kipya huhitaji mabingwa wa kufundisha miaka mingi kabla hakijapata wahitimu wake chenyewe wa kuwaajiri. Kwa hiyo mlango wa daktari mgeni si upendeleo wala njia ya uchochoroni, bali ni sehemu ya namna elimu ya udaktari ilivyojengwa katika nchi hii.

Kisheria mlango huo umo katika Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, iliyokuwa Sura ya 272 katika mkusanyo wa sheria wa mwaka 2000. Mwananchi aliyemaliza mafunzo ya vitendo husajiliwa moja kwa moja, ilhali mtu asiye mkaazi wa kudumu, aliyekuja kwa kazi mahususi, husajiliwa kwa muda. Nilichojifunza kwa uzoefu ni kwamba maneno hayo mawili, “kazi mahususi”, si mapambo ya kisheria. Daktari mwenye usajili kamili hubeba ruhusa yake popote aendapo nchini, kama mtu anavyobeba jina lake. Sisi wa usajili wa muda ruhusa yetu imefungwa kwenye mwajiri, kwenye kazi iliyoelezwa katika barua ya mwajiri huyo, na kwenye tarehe ya mwisho. Mkataba ukivunjika leo, kesho huna ruhusa ya kuandika hata dawa ya minyoo.

Wengi pia huchanganya karatasi tatu ambazo, japo hufuatana, hazifanani. Usajili hukuingiza katika daftari la madaktari. Leseni ya mwaka hukuruhusu kutoa huduma katika mwaka husika, na daktari aliyesajiliwa lakini hana leseni ya mwaka huo hana tofauti na dereva mwenye cheti cha udereva kilichokwisha muda. Kibali cha kazi hukuruhusu kuajiriwa ukiwa mgeni, nacho hakina lolote la kusema kuhusu ustadi wako wa kupima moyo. Ukiwa na kibali cha kazi bila usajili wewe ni mgeni halali asiye daktari, na ukiwa na usajili bila kibali cha kazi wewe ni daktari halali asiyetakiwa kulipwa mshahara.

Nyaraka ambazo nilihitaji kwa ajili ya usajili ni zile ambazo daktari yeyote makini huwa nazo kabatini: shahada ya kwanza na ya uzamili, nakala za matokeo, cheti cha usajili wa nyumbani, wasifu, pasipoti na picha. Ya kuangaliwa zaidi ni cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma, ambacho baraza la nchi unakotoka hukiandika kuthibitisha kwamba hujafungiwa wala huna shauri la nidhamu. Hicho hakingoji mpaka ukihitaji. Kiombe mapema, na uulize kama kitatumwa na baraza moja kwenda kwa jingine au utakibeba mwenyewe, maana bahasha iliyofunguliwa njiani kwa udadisi inaweza kukurudisha mwanzo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna nafuu ambayo sharti niikiri. Mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki yamekuwa yakikagua kwa pamoja vyuo vya udaktari vya ukanda huu, hivyo aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kueleza chuo chake kiko wapi. Mwenzangu wa wodi ya watoto, aliyetoka Bukavu, Kongo, alilazimika kwanza kutafsiriwa vyeti vyake vyote kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na orodha ya masomo ya miaka yote. Nchi yake imo katika Jumuiya tangu mwaka 2022, lakini uanachama hautafsiri vyeti.

Sasa niingie kwa wakala, maana hapo ndipo penye kisa.

Nilielekezwa kwake na mtu aliyewahi kumtumia kwa shughuli za biashara. Ofisi yake iko katikati ya jiji, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu, na ngazi zake huchukua harufu ya rolex, yaani chapati za kukunjwa na mayai, zinazokaangwa mlangoni. Alikuwa kijana mchangamfu aliyekulia Busia, mwenye Kiswahili kizuri, aliyeniita “daktari wangu” kabla sijakaa kitini. Ukutani alikuwa amepanga mafaili ya rangi kwa makundi, na alisema maneno ambayo yalinipa utulivu mwingi wakati ule na yanayonikera hadi leo: “Wewe lete vyeti tu, barua tutaiandika sisi, mwajiri wako atatia saini na muhuri.” Alitaka shilingi milioni moja na laki mbili za Uganda, nusu papo hapo. Katika orodha yake ya gharama kulikuwa na mstari wa ada ya serikali ya kibali cha kazi. Niliulipia bila kuuliza, nikiwa na haraka ya kurudi Mombasa kufunga mizigo.

Barua aliyoiandika ilikuwa nzuri kwa macho. Ilisema kwamba chuo kimeniajiri “kutoa mihadhara, kutunga na kusahihisha mitihani, na kusimamia tafiti za wanafunzi”. Hospitali iliipokea, ikaitia saini na muhuri, na sidhani kama kuna aliyeisoma hadi mwisho, mimi nikiwemo. Laiti tungeisoma, tungeona kwamba katika ukurasa wa pili, aya ya tatu, palibaki maneno “katika Kitivo cha Biashara”, masalia ya mteja mwingine ambaye kiolezo chake kilitumika kunitengenezea mimi.

Aliyeyaona ni dada mmoja wa pale Baraza, aliyepokea faili langu siku niliyoamua kulipeleka mwenyewe, baada ya wakala kuacha kupokea simu. Alisoma polepole, penseli mkononi, akiteremka mstari kwa mstari kama mwalimu anayesahihisha insha. Hakucheka alipofika kwenye Kitivo cha Biashara. Alipiga tu mstari chini yake. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaigusa ile sentensi ya mihadhara na mitihani, akaniuliza kwa upole, akiniita daktari kwa Kiganda: “Musawo, wewe unakuja kutibu watu, au unakuja kusahihisha mitihani?” Nilimjibu kwamba nakuja kufanya yote. “Hapa hamjasema kutibu,” akasema, na akanirudishia faili.

Nimekutana na makarani wengi katika nchi kadhaa, na nakiri kwamba nilitaka kubishana. Lakini kila nilipoifikiria hoja yake njiani kuelekea kituo cha mabasi niliiona ni ya haki. Baraza humsajili mtu kwa kazi iliyoombwa. Mwajiri akisema anataka mhadhiri, atasajiliwa mhadhiri, na siku mgonjwa atakapodhurika mikononi mwa mhadhiri huyo, barua itatolewa kwenye faili na kusomwa tena kwa penseli hiyohiyo. Yule dada aliniepusha na balaa ambalo nililipia liandikwe. Huduma yake haikunigharimu chochote, na ndiyo bora kuliko zote nilizopata katika safari nzima.

Kurekebisha barua kulichukua wiki tatu na siku kadhaa, kwa sababu ilihitaji saini tatu na mwenye saini ya pili alikuwa safarini. Katika wiki hizo niliruhusiwa kuingia wodini kama mtazamaji. Nilisimama nyuma ya raundi mikono ikiwa mifukoni, na nawaeleza wenzangu kwamba kwa daktari hakuna adhabu iliyo kali zaidi. Siku moja daktari wa uzamili, binti mwenye akili nyingi, alikuwa akimsikiliza msichana wa miaka kama kumi na sita aliyeletwa akihema, na kila dalili ilionyesha vali ya moyo iitwayo mitrali iliyobana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao kwetu Afrika Mashariki bado unawaandama vijana wa familia za kawaida. Aliweka stethoskopu mahali sahihi, lakini kwa upande wa utando, ule mpana na bapa, na mgonjwa alikuwa ameketi wima. Hakusikia kitu. Mlio wa vali hiyo ni wa chini mno, kama gari kubwa linalopita mbali usiku, na husikika vizuri kwa upande wa kengele, ule mdogo wenye umbo la kikombe, mgonjwa akilala ubavu wa kushoto na kutoa pumzi yote.

Kwa kawaida ningenyoosha mkono, nikageuza kile kichwa cha stethoskopu na kumlaza mgonjwa mwenyewe. Siku hiyo nilisema tu, nikiwa hatua tatu nyuma: “Mlaze kwa kushoto. Geuza upande wa kengele. Mwambie atoe pumzi yote, halafu usisikilize kwa nguvu.” Alifanya hivyo, akafumba macho, na baada ya sekunde chache uso wake ukabadilika. Wenzake wakapanga foleni kusikiliza. Mimi nilibaki na swali ambalo sijapata wa kunijibu: je, sekunde zile nilikuwa nimefundisha au nilikuwa nimetibu? Sikumgusa mgonjwa, lakini matibabu yake yalibadilika mchana uleule kwa sababu ya maneno yangu. Barua ya wakala ingenihesabu kuwa mhadhiri aliyetoa mhadhara mfupi. Yule msichana, nadhani, angenihesabu kuwa daktari.

Hapa pana tatizo la msingi ambalo si la wakala pekee. Katika hospitali nyingi za kufundishia za Uganda, chuo na hospitali ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Mhadhiri ni wa chuo, na chuo kiko chini ya wizara inayoshughulikia elimu. Vitanda, wauguzi na dawa ni vya hospitali, ambayo iko chini ya Wizara ya Afya. Profesa wa Makerere anayeongoza raundi Mulago huingia kwa heshima ya ubingwa wake, si kwa mshahara wa hospitali. Kwa mwenyeji hilo huzaa malalamiko ya posho na kugawana wodi, lakini usajili wake kamili humfunika popote. Kwa mgeni mwenye usajili wa muda ukuta huo unaweza kupita katikati ya kibali chake: mkataba umetoka chuoni, wagonjwa wako hospitalini, na barua isiyotaja pande zote mbili humwacha amekaa juu ya ukuta. Barua yangu ya pili, ile iliyokubaliwa, ilitiwa saini na mkuu wa idara, mkuu wa shule ya udaktari na mkurugenzi wa hospitali, na ilisema waziwazi kwamba nitalaza, nitatibu na kuruhusu wagonjwa katika wodi za magonjwa ya ndani, na kwamba nitafundisha humo.

Inafaa kuangalia namna wengine walivyolitatua, na mfano ninaoupenda ni wa jimbo la California, nchini Marekani. Huko sheria ina kibali maalumu cha walimu wa vyuo vya udaktari, ambacho hutolewa na Bodi ya Udaktari ya California kwa daktari mwenye leseni ya jimbo au nchi nyingine bila kumtaka apate kwanza leseni ya kawaida ya California. Mwenye kibali hicho anaruhusiwa kutibu ndani ya chuo cha udaktari na katika taasisi zilizoungana nacho rasmi, ilimradi anafundisha humo kama sehemu ya ratiba ya chuo. Nje ya hapo haruhusiwi. Tiba na ufundishaji vimeshikanishwa na sheria yenyewe, si na ufundi wa mwandishi wa barua. Hospitali tano zikiwa zimeungana na chuo, naye akafundisha katika zote, kibali kimezifikia zote tano.

Lakini nisiipambe California kupita kiasi. Kibali hicho kinataka mtu aliyekwishapewa nafasi ya uprofesa kamili, au mtu aliyetia fora katika fani yake ambaye amepewa uprofesa au uprofesa mshiriki na anahitajika mno, na maombi hupitia kamati ya mapitio. Kwa walio chini ya hapo kuna usajili mwingine wa walimu wageni, wenye ukomo wa miaka. Mimi, mhadhiri mwandamizi wa kawaida ambaye jina lake halijulikani hata Malindi, ningefunguliwa dirisha hilo la pili na kuhesabiwa siku. California mlango ni mwembamba na chumba ni kipana. Uganda mlango ni mpana, mtu wa kiwango changu anapita bila kuinama, kisha anajikuta katika chumba ambacho upana wake umeamuliwa na karatasi moja. Kama ningeulizwa, ningebaki na mlango wa Uganda na kuazima chumba cha California.

Wembamba wa chumba unausikia zaidi ukishatoka getini. Ng'ambo ya barabara kutoka hospitalini kwetu kuna kliniki ndogo ya binafsi, yenye rangi ya samawati na benchi la mbao nje, na mwenye kliniki ni mtu muungwana ambaye hununua matoke kwa mama yuleyule ninayenunua kwake. Mara tatu ameniomba nije jioni mbili kwa wiki kuwaona wagonjwa wake wa sukari na shinikizo la damu. Wenyeji wenzangu hufanya hivyo karibu wote, na hakuna anayewalaumu kwa kuwa mishahara inajulikana. Mara ya tatu aliniambia kwamba hakuna atakayejua. Nilimjibu kwamba atakayejua wa kwanza ni mfamasia atakayesoma saini yangu kwenye cheti cha dawa, na kwamba chini ya saini hiyo huandikwa namba ya usajili. Tulicheka, akaninunulia soda, na ombi halijarudi.

Kinachoniuma si kliniki hiyo, bali ni vituo vya afya. Wanafunzi wetu hupelekwa wiki kadhaa vijijini, kwenye vituo vya ngazi ya nne na ya tatu, wajifunze udaktari usio na kipimo cha CT wala bingwa wa kumpigia simu. Walimu huwafuata. Vituo hivyo si mali ya chuo wala ya hospitali yetu. Ni vya wilaya. Nikiwa huko mimi hukaa kwenye benchi pembeni ya afisa tabibu, nikiuliza maswali na kujibu, naye ndiye anayeandika na kutia saini. Mara nyingi mpangilio huo huwa mzuri, kwa sababu afisa tabibu wa kijijini anajua malaria na kifafa kuliko profesa wengi. Lakini ipo siku alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya tisini kwenye foleni, nami bingwa mzima nimekaa nikishika daftari. Siulaumu usajili kwa siku hiyo. Najilaumu kwamba barua yangu, hata ile ya pili, haikutaja vituo ambavyo chuo huvitumia kufundishia, wakati ratiba ya mwaka mzima ilikuwa imebandikwa ukutani mwa ofisi ya idara.

Kuhusu kibali cha kazi nitakuwa mfupi. Maombi hufanywa kwa mtandao, nyaraka hupakiwa zikiwa zimeskaniwa, na mwenye subira hahitaji kushikwa mkono. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, pamoja na kanuni zake, inasema kwamba mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka iamue ndani ya siku 30. Kuna kifungu ambacho walimu wa hospitali za umma inafaa wakisome: uhuru wa wafanyakazi kuhama hauhusu ajira katika utumishi wa umma, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu. Hilo halimzuii mtu kupata kazi, ila linaeleza kwa nini mwajiri wa serikali huulizwa maswali zaidi kuliko hospitali ya misheni.

Na kuhusu ada, Uganda, Kenya na Rwanda ziliondoleana ada za vibali vya kazi kwa raia wao. Kibali bado ni lazima, ila hakilipiwi. Nililigundua hili kwa kuambiwa na Mnyarwanda mmoja wa maabara, tukiwa kwenye foleni ya chai, miezi miwili baada ya kumlipa wakala “ada ya serikali”. Nilimpigia wakala simu nikamuuliza mstari ule ulikuwa wa nini. Alisema, “Daktari wangu, hiyo ni ya kufuatilia.” Nilimuuliza alifuatilia nini, ikiwa faili nililipeleka kwa miguu yangu. Simu ikakatika, na nafikiri haikukatwa na mtandao.

Kwa hiyo tathmini yangu ya wakala ni hii: alitoza ada isiyokuwepo, aliandika barua isiyo yangu, na akatoweka katika siku ambazo alihitajika. Wapo mawakala waaminifu, na mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi huenda akafaidika nao. Daktari mwalimu hafaidiki, kwa sababu karatasi pekee iliyo ngumu katika safari hii ni ile barua ya mwajiri, na hakuna mtu wa ghorofa ya pili juu ya duka la simu anayejua wodi yako ina vitanda vingapi, kliniki yako ni siku gani, na mwanafunzi wako anatumwa kituo gani mwezi wa tano.

Usajili wangu wa sasa unakaribia tarehe yake ya mwisho. Wiki iliyopita niliandika rasimu ya barua mpya mwenyewe, usiku, umeme ukiwa umekatika na taa ya simu ikiwa mezani. Niliorodhesha wodi mbili, kliniki ya Jumanne, chumba cha wagonjwa mahututi, na vituo vinne vya wilaya kwa majina yake kama yalivyo kwenye ratiba. Neno kutibu nililitanguliza mbele ya neno kufundisha. Asubuhi nilimpa sista mkuu wa wodi aisome kabla haijaenda kwa mkuu wa idara, kwa sababu yeye ndiye anayejua niko wapi saa yoyote kuliko ninavyojua mimi. Aliisoma akiwa amesimama kando ya toroli la dawa, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, kisha akauliza mbona kliniki ya moyo ya Alhamisi haimo.

Nikachukua kalamu yake.